Kompyuta inapokataa kuwaka

Kompyuta ya mezani inayowaka leo na kukataa kesho ni mtihani, hasa kwa Mwafrika Mashariki aishiye Toronto, Canada, anayekusudia kuwapelekea jamaa zake nyumbani.

Mafundi hushauri kuanza na lililo jepesi: kuijaribu soketi kwa taa, kisha kubadilisha waya wa umeme. Tatizo likiendelea, mshukiwa mkuu ni pawa saplai, yaani kasha linalopunguza nguvu ya umeme wa ukutani. Ndani yake mna kapasita ambazo huchakaa kwa joto na umri. Zikidhoofika, mashine huweza kugoma, hasa ikiwa imepoa. Dawa ni kubadilisha kasha zima. Kulifungua ni hatari, kwani kapasita huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Kabla ya kusafirisha, tazama nyuma ya kasha. Umeme wa Toronto ni volti 120, wa Kenya 240 na wa Tanzania 230. Makasha mengi ya zamani yana swichi ndogo yenye alama 115 na 230. Ikisahauliwa kwenye 115, kasha huweza kuungua mara linapochomekwa Mombasa au Dar es Salaam.