Jua Likipanda, Theluji Hushuka

Tulikuwa wanne ndani ya gari moja, na mbele yetu lori la magogo. Mbele ya lori foleni ndefu, na kwenye kichwa cha foleni mtu aliyevaa koti la rangi ya chungwa ameshika kibao cha kusimamisha magari. Anga ilikuwa buluu, wingu hakuna hata la dawa. Theluji pande zote iling'aa mpaka macho yakatoa machozi.

Dada yetu wa Bukavu ndiye aliyeuliza kwanza. "Juu ya nini banafunga njia na jua inawaka vile?"

Mwenzetu wa Mombasa alidhani labda kuna msafara wa mkubwa fulani unapita. Dereva, kijana wa Tanga asiye na maneno mengi, alikwisha zima injini na kufungua chupa ya chai. Ndipo tukasikia mzinga ukilia bondeni. Mzinga kweli, wa jeshi. Mlio wake ukajirudia mlimani mara tatu, nne, kisha ukaja mngurumo mwingine, mzito na wa taratibu, kama treni ya mizigo.

"Haya Injinia," akasema wa Mombasa, akinigeukia. "Hii ni kazi yako. Tueleze."

Nilianza kazi ya barabara kwenye udongo mfinyanzi na mvua za masika, kwa hiyo theluji nimeisomea ukubwani. Lakini jibu nililompa dada wa Bukavu siku ile ndilo nitakalowapa wasomaji wa safu hii: njia ilifungwa kwa sababu hiyohiyo aliyoiona ya ajabu. Ilifungwa kwa kuwa jua lilikuwa linawaka.

Tulikuwa kwenye Barabara Kuu ya Trans-Canada, kati ya miji ya Golden na Revelstoke katika jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Tulitoka Calgary alfajiri, tukapita Banff na Kicking Horse Pass, na sasa tulikuwa tunakaribia Rogers Pass, upenyo uliokata milima ya Selkirk. Upenyo huo una kimo cha mita 1,330 tu. Arusha mjini iko juu zaidi, na Nairobi inaupita kwa mamia ya mita. Hata hivyo theluji inayoanguka Rogers Pass katika majira moja ya baridi ni karibu mita 10, urefu wa nyumba ya ghorofa.

Kwetu theluji ni jambo la kimo. Ukiitaka, unapanda mpaka Kibo, mita 5,895, na utaikuta imebaki kidogo. Kule ni jambo la latitudo na la upepo. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Pasifiki, ukafika Selkirk, ukalazimika kupanda, ukapoa, ukamwaga ulichobeba. Kicking Horse Pass iko juu zaidi, mita 1,600 na ushei, lakini theluji yake ni haba kwa kuwa upepo huifikia ukiwa umekwisha tua mzigo. Mtu wa Moshi anaujua mchezo huu: Machame na Kibosho, upande wa kusini wa Kilimanjaro, wanavuna ndizi, na upande wa kaskazini wa mlima uleule unabaki mkavu.

Majira haya yanayokuja baada ya baridi, vitabu vyetu huyaita majira ya kuchipua. Ni jina zuri kwa mtu anayetazama miti. Mimi ningeyaita majira ya kulegea. Kila kitu kilichoshikana tangu Novemba kinaanza kuachia, juu mlimani na chini ya lami pia, na msafiri anapita katikati.

Tuanze na mlimani. Theluji ya mteremkoni haikai kama rundo moja. Ni matabaka, kila dhoruba imeacha lake, kama chapati zilizopangwa kwenye hotpoti. Baadhi yameshikana vizuri, mengine yametenganishwa na ganda jembamba la barafu au na chembe zisizoshikana, mfano wa sukari. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka jana ina uzito wa kilo 50 hadi 100, yaani mfuko mmoja au miwili ya saruji. Ikifika Aprili, imeshindiliwa na kulowana, mita hiyohiyo inaweza kufika kilo 400 au zaidi. Mifuko minane. Sasa piga hesabu ya mteremko wenye upana wa uwanja wa mpira na theluji ya mita mbili, wote ukiwa umening'inia juu ya barabara.

Theluji mpya hulirudisha jua. Zaidi ya asilimia 80 ya mwanga huakisiwa, ndiyo maana macho yetu yaliumia na ndiyo maana mtu huungua uso mlimani hata akiwa anatetemeka kwa baridi. Lakini theluji kuukuu, yenye vumbi na chembe kubwa zilizolowa, hufyonza mwanga zaidi. Ikifyonza, inayeyuka, ikiyeyuka, inafyonza zaidi tena. Maji yanashuka taratibu ndani ya matabaka mpaka yakutane na ganda gumu, yanatambaa juu yake na kuyeyusha vile vifungo vidogo vya barafu vilivyoshikilia chembe na chembe. Chapati ya juu imepata maji chini yake, na sinia limeinama.

Mwinamo ambao theluji hupenda kuporomoka ni kati ya nyuzi 30 na 45. Ukilala zaidi ya hapo, theluji hujikalia. Ukisimama zaidi, haipati nafasi ya kulundikana. Humwagika kidogo kidogo. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mlima unaotisha kwa macho, ule ukuta wa mwamba unaowafanya watu watoe simu wapige picha, mara nyingi si ndio wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni ule mteremko laini wa pembeni usio na mti hata mmoja. Ungejiuliza miti yake ilikwenda wapi.

Usiku mambo hugeuka. Anga ikiwa wazi, uso wa theluji hupoteza joto lake kwenda angani, maji yaliyomo huganda, na asubuhi mteremko mzima umekazwa kama zege. Saa mbili asubuhi unaweza kutembea juu yake usizame. Saa nane mchana unazama hadi magotini. Kwa hiyo mteremko mmoja, siku moja, unaweza kuwa salama wakati wa kifungua kinywa na kuwa mtego baada ya chakula cha mchana. Na haulegei wote kwa pamoja. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua linalotuzunguka, miezi kadhaa liko kaskazini, miezi kadhaa kusini. Kwenye latitudo 51, jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, basi miteremko inayotazama kusini ndiyo hutangulia kuachia.

Hapo ndipo dereva wetu alipofungua kinywa. "Kwa hiyo tulitakiwa tupite mapema."

Ndiyo. Tulichelewa Golden tukitafuta kifungua kinywa, na sitamtaja aliyetaka mayai mara mbili. Wakati ule, ukitoka Golden kwenda Revelstoke ulirudisha saa yako nyuma kwa saa moja, maana miji hiyo miwili haikufuata saa moja, na yule wa mayai alidai tumepewa saa ya bure. Jua halikuwa na habari.

Bonde lile lilijifunza kwa msiba. Reli ya kuunganisha Kanada ilikamilika mwaka 1885, na ilipitishwa humo Rogers Pass kwa kuwa njia nyingine ilikuwa ndefu. Tarehe 4 Machi 1910, baada ya siku kadhaa za dhoruba, poromoko kutoka mlima wa Cheops lilifunga reli. Kikosi cha wafanyakazi kilipelekwa na koleo na injini ya kusukuma theluji. Wakiwa katikati ya kazi, poromoko la pili lilishuka kutoka mlima wa upande wa pili, likawafunika. Walikufa watu 58, na 32 kati yao walikuwa vibarua kutoka Japani. Lile halikuwa poromoko la jua, lilikuwa la dhoruba. Mlima una njia nyingi za kuachia. Mwaka 1916 kampuni ya reli ilimaliza kuchimba handaki la kilomita nane na kuuacha upenyo.

Kwa miaka arobaini hakuna aliyepita tena kwa magurudumu, mpaka serikali ilipotaka barabara. Mwaka 1957 mhandisi Mswisi, Peter Schaerer, alianza kuyachunguza maporomoko ya bonde lile: yanaanzia wapi, yanafika wapi, mara ngapi. Naipenda hadithi hii kwa sababu walipima kwanza, wakajenga baadaye. Barabara ilifunguliwa mwaka 1962 ikiwa na mapaa ya zege juu ya sehemu mbaya zaidi, theluji ipite juu na magari chini, pamoja na vichuguu vya udongo vya kuvunja kasi ya poromoko. Lakini njia za maporomoko zinazoielekea barabara ni zaidi ya 130, na huwezi kuziezeka zote.

Zilizobaki wameachiwa wanajeshi. Tangu mwaka 1961 askari wa mizinga wa Kanada hupiga kambi huko kila majira ya baridi na mizinga ya milimita 105. Wataalamu wa hifadhi ya taifa iliyoko pale hupima theluji, halijoto na upepo, na wakiona mteremko umekaribia kuachia, barabara hufungwa, magari huondolewa, na mzinga hulenga pale juu ambapo poromoko huanzia. Mtikiso wa mlipuko huangusha theluji ikiwa bado kiasi, kwa saa waliyoichagua wao, barabara ikiwa tupu. Deni linalipwa kidogo kidogo kabla halijakomaa. Ule mngurumo wa treni tuliousikia ulikuwa ndio malipo yenyewe.

Sasa chini ya lami, maana huko ndiko kwangu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, lakini hilo peke yake haliharibu barabara. Kinachoiharibu ni kwamba udongo wenye chembe nyembamba, ukiganda, huvuta maji mengine kutoka chini, ukajenga vipande vya barafu ndani yake na kuinua lami. Majira ya kulegea yakifika, barafu hiyo huanza kuyeyuka kutoka juu. Ya chini bado ngumu, haipitishi maji. Basi maji yananaswa katikati, msingi unakuwa uji uliofunikwa kwa lami, na lori moja zito linaweza kufanya uharibifu mkubwa kuliko ambao lingeufanya kiangazi. Ndiyo maana British Columbia na Alberta hupunguza uzito unaoruhusiwa kwa malori katika barabara nyingi kipindi hicho. Kwetu tunazuia magari mazito kwenye barabara za udongo wakati wa masika kwa sababu ileile. Maji ndani ya msingi ni adui mmoja, awe ametoka mawinguni au kwenye barafu.

Kwa mwenye gari dogo dalili zake ni mashimo mapya kila juma na mawimbi yanayotupa kichwa darini. Tena kuna maji yanayovuja mchana kutoka kingo za theluji, yakavuka lami, na usiku yakaganda kuwa utando usioonekana, hasa kwenye kona zenye kivuli. Hapo ukikanyaga breki ghafla umejimaliza. Hamu ya kutoka mapema ina mpaka wake: alfajiri mlima umekaza, lakini lami inateleza. Mimi huona saa mbili hadi saa tano asubuhi ndiyo nafasi nzuri, na mwendo wa pole.

Matairi ya baridi si hiari. Katika barabara za milimani za British Columbia sheria huyataka kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, yakiwa na meno yasiyopungua milimita 3.5. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa kwenye baridi, ukashindwa kushika. Gari la kukodi uliulize hilo kabla ya kutia sahihi. Beba koleo, mablanketi, chakula, na maji ya waipa yasiyoganda, kwa sababu tope la chumvi litakufunika kioo kila lori linapokupita. Jaza tangi Golden. Na punguza mwendo kwa ajili ya wanyama: kondoo wa milimani hushuka kulamba chumvi iliyomwagwa barabarani, na dubu ndio kwanza wanaamka, wana njaa.

Baada ya saa moja na nusu yule mtu wa koti la chungwa aligeuza kibao. Tulipita polepole kando ya poromoko lenyewe. Halikuwa jeupe hata kidogo. Lilikuwa lundo chafu lenye vigogo vilivyovunjika, na greda lilikuwa linalikata pembeni. Dada wa Bukavu aliteremsha kioo akatupa jiwe dogo alilookota Golden. Liligonga na kudunda. Theluji ikiporomoka hupata joto la msuguano, na ikisimama huganda papo hapo, ndiyo maana aliyefunikwa hawezi kuinua hata mkono.

Kando ya barabara kuna vibao vinavyokataza kusimama, kimoja mwanzo wa eneo la poromoko na kingine mwisho. Ukienda huko na marafiki zako, picha pigeni mkiwa mmevuka kile cha pili.