Mtoto naye ana matanga yake

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hiyo hunijia kila nisikiapo wazazi na walimu wa Migori na Homa Bay wakiishutumu michezo ya video kwa kauli moja, kana kwamba yote ni gugu lifaalo kung'olewa. Lawama hizo hazikosi msingi. Katika vibanda vya Rongo na Awendo, vya Oyugis na Mbita, vijana huketi mbele ya runinga wakishindana kandanda ya kompyuta kwa malipo ya kila mechi, na wako wanaoteketeza humo nauli na saa za masomo. Hata Shirika la Afya Duniani limeitia tabia ya kucheza pasipo kujizuia katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Hata hivyo, je, ni haki kuihukumu fani nzima kwa kandanda ya kibandani? Nauliza kwa kuwa ipo michezo ya namna nyingine, iliyobuniwa makusudi kuyasimulia mapambano ya nafsi. Upo mchezo uitwao Celeste, uliotolewa mwaka 2018, ambamo msichana anaukwea mlima huku akishikwa na hofu kuu ya moyoni, na mchezaji hufunzwa kuituliza hofu hiyo kwa pumzi. Upo na Hellblade wa mwaka 2017, ambao shujaa wake husikia sauti zisizokuwapo. Watungaji wake wa Cambridge, Uingereza, walishauriana na daktari wa akili Paul Fletcher pamoja na watu walioyaonja maradhi hayo.

Lakini ulio karibu nasi zaidi ni Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa Aprili 2024. Aliyeuasisi ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika ukoo wenye asili ya Kenya. Salim alifiwa na baba yake, na majonzi hayo ndiyo aliyoyageuza kuwa mchezo. Ndani yake kuna kijana Zuberi, ambaye baba yake amemwachia hadithi aliyoiandika kabla ya kufa. Hadithi hiyo yamhusu Zau, mganga kijana anayeingia mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kuu, naye arejeshewe babake. Nchi anazozipita zimechorwa kwa kufuata hali za mwenye kufiwa. Mara kwa mara huketi chini ya mbuyu akayasema yaliyo moyoni, na baada ya kuyasema uhai wake huongezeka. Mchezo huo waweza kusikika kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mtu ataniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa kando ya ziwa? Yanatuhusu sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila 5 katika Homa Bay aliishi na virusi vya UKIMWI, na asilimia 13 katika Migori, ilhali wastani wa taifa ulikuwa chini ya asilimia 5. Leo dawa huokoa maisha. Lakini kabla hazijaenea, nyumba ngapi zilibaki na nyanya na wajukuu tu? Wengi wa watoto wale ndio wazazi na walimu wa leo. Walilishwa, wakalipiwa karo, wakanyolewa nywele kama ada itakavyo, ila ni wachache walioulizwa, “Mwanangu, moyo wako u hali gani?”

Mila za Waluo hazikosi hekima ya msiba. Katika tero buru, wanaume huswaga ng'ombe kwa nyimbo na mikuki hadi mbali, wakiifukuza mauti bomani. Hayo, hata hivyo, ni maombolezo ya watu wazima. Mtoto huambiwa ajikaze, na wiki ijayo arudi darasani akafanye mtihani. Akisinzia huitwa mvivu. Akipigana huitwa mkorofi. Wala ukali huo si wa shuleni tu. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu chapingana na Katiba, mtu aliyejaribu kujiua nchini Kenya alihesabiwa mhalifu. Tulizoea kumwadhibu mgonjwa kwa kuugua. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumewafunza watoto kuficha.

Zamani walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambamo watoto walisikiliza ngano za mazimwi na mauti usiku, na kwa ngano hizo wakaipa hofu yao jina. Siwindhe imetoweka, na mahali pake hapajajazwa. Mchezo kama wa Zau ni ngano ileile katika vazi jipya: mauti ina sura, ina sauti, na kijana aweza kusema nayo.

Sidai kwamba mchezo ni tabibu. Mwanafunzi aliyezama katika huzuni amhitaji mwalimu wa ushauri nasaha, na pengine daktari. Sidai pia kwamba kila shule inunue mitambo, ilhali nyingine hazina madawati ya kutosha. Ninalolisema ni kwamba mbuyu wa Zau hauhitaji umeme. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuisimulia hadithi hiyo katika somo la fasihi simulizi, kisha akawaambia wanafunzi waandike: Kalunga angeketi nawe, ungemwambia nini? Asizisahihishe insha hizo kwa kalamu nyekundu. Azisome faraghani, naye atawajua wale wanaohitaji kuitwa kando.

Nanyi wanafunzi, msiridhike kuwa wachezaji tu. Karibu na Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima, ambalo masimulizi yasema lilikimeza kijiji kilichomfukuza ajuza mgeni. Migori mna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikiza, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Aliyefukuzwa na aliyejizungushia ukuta: kijana gani asiyewajua wawili hao moyoni mwake? Leo chukueni karatasi mwandike hadithi zao, na kesho, mkijaliwa kompyuta, mzigeuze michezo.

Walimu wenzangu wa fikra, kabla ya kumwuliza kijana kwa nini amecheza hadi usiku, na tumwulize kwanza ni nini kimemkosesha usingizi.