Mistari miwili chini ya picha

Ukitua Entebbe, uwanja wa ndege ulio kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Kampala, afisa uhamiaji ataifungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha na kuilaza juu ya kioo cha mashine. Wengi hudhani inapigwa picha tu. Kumbe mashine inatafuta ile mistari miwili ya chini, yenye herufi, tarakimu na vialama vya <<<, nafasi 44 kila mmoja.

Mstari wa juu una nchi iliyotoa pasipoti (UGA, KEN, TZA) na majina yako. Wa chini una namba ya pasipoti, uraia, siku uliyozaliwa, jinsia na siku ya pasipoti kuisha. Baada ya namba hiyo na kila tarehe hufuata tarakimu moja ya uhakiki. Tuseme umezaliwa tarehe 12 Machi 1985, yaani 850312. Zidisha tarakimu hizo, moja moja, kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Utapata 56, 15, 0, 21, 3 na 2, jumla 97. Tarakimu ya mwisho, 7, ndiyo iliyochapwa pale. Mashine ikisoma 3 kuwa 8 kwa sababu ya mkwaruzo, jumla inakuwa 132, hesabu inakataa, na afisa analazimika kuandika kwa mkono huku foleni ikikusubiri.

Uganda ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki Desemba 2018. Chipu yake nayo haijifungui hovyo: ufunguo wake hutokana na namba ya pasipoti na zile tarehe mbili. Ndiyo maana nawasihi wasafiri: pasipoti isikae mfuko wa nyuma ukiwa juu ya bodaboda, wala isilowe mvua. Mistari ikifutika, hata chipu nzima inaweza kubaki kimya.

Jambo linaloniumiza zaidi ni majina. Mpangilio huu unataka jina la familia litangulie, kana kwamba kila nyumba ina moja. Buganda sivyo, kwa desturi mtoto hupewa jina lake mwenyewe kutoka hazina ya ukoo, na mapacha huja na yao: Wasswa na Kato wakiwa wavulana, Babirye na Nakato wakiwa wasichana. Ndugu waliolala tumbo moja husimama dirishani na majina tofauti, na mama huulizwa kama mtoto aliyemshika mkono ni wake. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa watoto huibwa. Mama asilione tusi. Abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililokwenda na mizigo.