Rubani Akisema Ameona Kitu Angani, Tumwamini?

Swali hili hurudi mara kwa mara katika mazungumzo yetu: rubani amesomea kazi yake, macho yake hupimwa, na kila siku yuko angani. Akisema ameona chombo kisichojulikana, sisi tulio chini tuna haki gani ya kuwa na shaka?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. "Nimeona mwanga mkali mbele" ni ushuhuda wa macho. "Ni chombo kinachotufuata" ni hukumu ya akili. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa katika la kwanza, akakosea katika la pili. Kukosea si kusema uongo.

Tuchukue mfano. Januari 2011, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ilivuka Bahari ya Atlantiki usiku, kutoka Toronto kwenda Zürich. Rubani msaidizi, aliyekuwa ametoka usingizini, aliiona sayari ya Zuhura akadhani ni ndege nyingine. Rubani mkuu alimweleza kwamba ndege hiyo ilikuwa futi 1,000 chini yao. Hata hivyo, alipoiona yenyewe, aliona kana kwamba iko juu na inawashukia. Akaielekeza ndege yao chini ghafla. Watu 16 waliumia.

Kwa nini hutokea hivyo? Gizani hakuna mti wala mlima wa kupimia umbali. Taa iliyo karibu na sayari iliyo mamilioni ya kilomita huweza kuonekana sawa. Zaidi ya hayo, rubani amefundishwa kuhesabu kila mwanga kuwa hatari kwanza. Mazoea hayo huokoa maisha, lakini si njia ya kutambua nyota. Siku hizi pia satelaiti za Starlink, zikiakisi jua, zimewashangaza marubani wengi.

Basi tunaposikia taarifa kama hiyo, tuulize: ilikuwa saa ngapi, upande gani, Zuhura ilikuwa wapi, rada ilionyesha nini? Baadhi ya taarifa zitabaki bila jibu, na kukosa jibu si uthibitisho wa wageni kutoka sayari nyingine.

Lakini tusimcheke rubani. Anayechekwa leo kesho atanyamaza, na huenda kesho kilicho mbele yake ni droni ya kweli.