Disney World: Usipange mabembea ukasahau tumbo

Ukisikia mtu anaenda Walt Disney World, Florida, unawaza mabembea na Mickey Mouse. Ila kuna kitu kinaharibu siku haraka kuliko foleni: njaa.

Migahawa ya kuhudumiwa mezani hufungua uwekaji nafasi siku 60 kabla. Ule ulio ndani ya kasri la Cinderella, ukichelewa kubuku, sahau. Na bei yake si mchezo.

Je, ni lazima? Hapana. Disney inaruhusu uingie na chakula chako, mradi hakihitaji kupashwa moto na hujabeba chupa za glasi. Maji ya barafu unapewa bure kwenye migahawa ya haraka inayouza soda za mashine. Chipsi na baga unaagiza kwa simu ukiwa bado kwenye foleni ya bembea.

Kwa kweli, mezani unalipia zaidi kiti na kiyoyozi kuliko sahani. Julai Florida ni joto kali, watoto wametembea tangu asubuhi. Saa moja ya kukaa ndiyo inaokoa jioni yenu. Bajeti ikibana, tenga mlo mmoja kama huo kwa safari nzima, siku zilizobaki bebeni sandwichi.