Utangulizi: Vigae Saba Mbele Yako

Tuanzie stendi ya Voi, mahali unapopajua. Yatazame maneno yaliyokuzunguka: matatu, duka, safari, panga, na ugali unaosubiriwa hotelini. Yote matano yamo katika orodha ya maneno ya Kiingereza inayotumiwa kwenye mashindano ya kimataifa ya Scrabble. Kanga imo, kikoi kimo, shamba limo, hata harambee imo. Nayataja mapema kwa sababu wengi hapa Taita Taveta husita mlangoni wakidhani mchezo huu umewekewa watu waliokuzwa kwa Kiingereza. Mlango uko wazi, na baadhi ya funguo unazo tayari. Voi yenyewe, hata hivyo, haimo, wala Taveta, wala Tsavo: majina ya mahali na ya watu hayakubaliwi.

Scrabble huchezwa juu ya ubao wa miraba 225, yaani mistari 15 yenye miraba 15 kila mmoja. Vigae ni 100. Kigae ni kipande kidogo cha mbao au plastiki chenye herufi moja, na pembeni yake tarakimu inayoonyesha thamani. Viwili kati yake ni vitupu: havina herufi wala alama, nawe unaweza kuviita herufi yoyote uitakayo. Kila mchezaji huchota vigae saba kutoka kwenye mfuko wa vigae na kuvipanga mbele yake mahali mpinzani asipoviona. Kwa zamu, kila mmoja anaunda neno na kuliunganisha na yaliyokwisha kuwekwa, kama maneno yanavyokatana katika chemshabongo ya gazeti.

Huenda unajiuliza: kwa nini E ina alama 1 na Q ina alama 10? Mbunifu wa mchezo, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo Mmarekani aliyepoteza kazi uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi katika magazeti. E ilijaa kila mahali, akaipa vigae 12 vya thamani ndogo. Q ilikuwa adimu, akaipa kigae kimoja cha thamani kubwa. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, Q na X huogofya kwa kuwa maneno yetu hayazitumii. Usiogope. Jifunze neno QI, lenye herufi mbili tu, nawe hutabaki na Q mkononi ukitafuta U ya kuisindikiza.

Sasa tuketi pamoja mbele ya ubao mtupu. Umechota S, A, F, A, R, I na S. Neno unaliona: SAFARIS, safari katika wingi wa Kiingereza. F ina alama 4 na herufi nyingine sita zina alama 1 kila moja, kwa hiyo jumla ni 10. Neno la kwanza lazima lipite kwenye nyota iliyo katikati ya ubao, nayo huzidisha neno zima mara mbili: 20. Tena umetumia vigae vyote saba kwa mpigo mmoja. Hiyo huitwa bingo, na zawadi yake ni alama 50. Ukiliweka katikati kabisa ya mstari, umepata 70.

Ngoja kwanza, usiandike. Lisogeze neno lile lile kushoto hadi S ya mwisho ikae juu ya nyota. F imeangukia mraba wa samawati, unaozidisha thamani ya herufi mara mbili. F sasa ni 8, jumla ni 14, maradufu ni 28, na ukiongeza 50 unapata 78. Neno halijabadilika, vigae havijabadilika, nawe umeokota alama 8 kwa kutazama tu. Msingi wa mchezo wa mashindano ndio huo: kujua neno ni nusu ya kazi, kujua mahali pake ni nusu ya pili.

Msingi wa pili ni maneno madogo. Neno lako likiwekwa sambamba na jingine, kila jozi ya herufi zinazogusana lazima nayo iwe neno halali. Hapo ndipo maneno ya herufi mbili yanapokuwa saruji ya jengo zima. Orodha ya mwaka 2019 ilikuwa nayo 127. Tazama bahati yetu: NA, YA, ZA, LA na PA yote ni halali, ingawa maana zake za Kiingereza ni nyingine kabisa. Lakini jihadhari, WA na NI hayamo. Nakusihi ujifunze haya 127 kabla ya neno lolote refu. Haba na haba hujaza kibaba.

Msingi wa tatu ni masalio, yaani vigae unavyobaki navyo baada ya kucheza. Ukijipatia alama 20 ukabaki na I, I na U, umekula mbegu za msimu ujao. Mara nyingi ni afadhali uchukue alama 15 na ubaki na mchanganyiko wa irabu na konsonanti.

Mashindanoni mambo haya yote hufanyika chini ya saa. Kwa kawaida kila mchezaji ana dakika 25, na kila dakika ya ziada humgharimu alama 10. Mfuko huinuliwa hadi usawa wa macho wakati wa kuchota, ili asiwepo wa kuchungulia. Ukilitilia shaka neno la mpinzani, unaweza kulipinga, yaani kuomba likaguliwe: likiwa si halali analiondoa na kupoteza zamu, na likiwa halali kwa kawaida wewe ndiwe unayeadhibiwa. Raundi hupangwa ili walioshinda wakutane na walioshinda. Wakilingana kwa ushindi, huangaliwa tofauti ya alama zao. Kwa hiyo hata ukishindwa, punguza pengo.

Ukitaka kujua barabara hii inafika wapi, kumbuka Perth, Australia, mwaka 2015, ambako Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, mashindano ya dunia ya muungano wa wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza yalifanyika Nairobi. Mwaka huo huo treni mpya ya Nairobi ilianza kusimama Voi. Mabingwa wa dunia walikuwa mwisho wa reli yako.

Kwa leo nakupa zoezi moja. Chukua karatasi, chora mstari wa miraba 15, weka nyota katika mraba wa nane na rangi ya samawati katika wa nne na wa kumi na mbili. Kisha andika KANZU na uisogeze, ukihesabu kila mahali inapopita juu ya nyota. K ni 5, Z ni 10, zilizobaki ni 1. Kuna mahali pamoja panapozaa 46. Ukipapata, umeshaanza kucheza.