MSAADA WA AFYA: FUNZO KUTOKA BARIADI



Mkulima wa karafuu na mkulima wa pamba hawajuani, lakini shida yao ni moja. Wote wawili hungojea fedha za msimu, na maradhi hayangoji msimu. Kwa hiyo yafaa tutazame Bara, katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi.

Mkoa huu ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Kwa hesabu ya 2022 una watu 2,140,497, na wengi wao ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Mama mjamzito akianza kutokwa na damu, huweza kucheleweshwa mara tatu: nyumbani watu wakishauriana, njiani kwa kukosa gari, na hospitali akikuta hapana mtaalamu wala vifaa. Gari peke yake haliponyi mtu, na hospitali nzuri haimfai asiyeifikia.

Kuanzia 2017 Simiyu ilipata mradi wa Uzazi Uzima, kwa fedha za Kanada, ulioendeshwa na Amref pamoja na wenzake wakishirikiana na Serikali. Jirani zao, Sengerema na Shinyanga, walijaribu mpango wa m-mama. Mtu hupiga simu namba 115 bila ya malipo. Mpokeaji huuliza hali ya mgonjwa. Kama gari la wagonjwa liko mbali, huitwa dereva wa palepale aliyekwisha andikishwa, naye hulipwa kwa simu. Mwaka 2022 Serikali na washirika wake, Vodafone Foundation wakiwemo, walipatana kuueneza mpango huo nchini, na Zanzibar imo.

Tazameni vizuri. Gari na madereva walikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mapatano.

Lakini msaada una mwisho wake. USAID ya Marekani ilikuwa mmoja wa washirika wa m-mama. Misaada yake mingi ilisimamishwa Januari 2025, na Julai mwaka huohuo shirika lenyewe likafungwa. Sisi nasi tumesaidiwa: madaktari wa China waja Visiwani tangu 1964, na hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China. Twashukuru, wala shukrani haizuii kuuliza.

Basi kila mfadhili ajapo, tuulize mambo matatu. Akiondoka, nani atanunua mafuta na dawa? Wenyeji wangapi watakuwa wamefundishwa kazi? Na sisi wenyewe tumeweka nini? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Naomba kila tawi, kabla ya mavuno, liandike majina ya wenye gari walio tayari kuchukua mgonjwa usiku, na liwafundishe wanachama namba 115. Mchumaji akianguka mkarafuuni, au mama akishikwa na uchungu, hautakuwa wakati wa kuanza kuulizana nani ana gari.

Katibu